Kibaba cha Maji: Udhu Wetu Wakati wa Kiangazi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maji kutoka mawinguni yakawa tohara kwa waja Wake na uhai kwa viumbe Vyake. Tunamhimidi, tunamtaka msaada, na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Hotuba hii ina deni nyuma yake, na ni bora tulitaje deni lenyewe mwanzoni. Kiangazi kimoja tulialikwa kuswalisha Ijumaa katika msikiti mmoja wa mkoa wetu huu wa Katavi. Tulipofika tulikuta mabomba sita ukutani, na mbele ya kila bomba mtu amesimama anatawadha, maji yanatoka kwa nguvu, yanagonga sakafu na kurukia nguo. Mfereji ulikuwa ukiyachukua maji hayo hadi nje ya ua, na huko nje yalikuwa yamefanya kidimbwi. Kandoni mwa kidimbwi walikuwapo wasichana wawili wenye ndoo na kopo, wanachota polepole ili wasitibue tope. Tukawauliza wanachota ya nini. Wakajibu kwa adabu: "Ya kufulia, shehe. Bomba la mtaa halijatoa maji siku ya tatu leo."

Tukaingia msikitini tukapanda mimbari. Hotuba tuliyoiandaa siku ile ilikuwa juu ya jambo jingine kabisa, nasi tuliisoma vile vile kama tulivyoiandika, tukateremka, tukaswalisha, tukala chakula cha wenyeji wetu, tukarudi Mpanda. Hii ya leo ndiyo iliyopasa kusomwa siku ile.

Ndugu Waislamu, twaijua hali ya nchi yetu. Mvua hutujia kiasi cha mwezi wa Novemba, nayo hutuaga kiasi cha mwezi wa Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba mbingu hufunga, majani hukauka, visima hushuka, na mwanamke aliyekuwa akienda kisimani mara moja hupanga foleni tangu kabla ya Alfajiri. Na watu tumezidi. Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta katika Mkoa wa Katavi tukiwa watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta tu 1,152,958. Katika miaka kumi tumekuwa mara mbili na zaidi. Chemchemi hazikuzaa mapacha pamoja nasi.

Sasa tuitazame sheria imesema nini juu ya maji ya udhu. Kila mtoto wa chuoni anaijua pishi kwa sababu ya Zaka ya Fitri, na anajua kuwa vibaba vinne ni pishi moja. Kibaba ndicho kile ambacho katika vitabu vya Kiarabu huitwa mudi, na pishi ndiyo swaa. Basi imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Anas bin Malik, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Na kibaba ni nini? Ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri vilivyokusanywa pamoja. Ukiyatia maji hayo katika chupa ya lita moja, chupa haijai.

Wanavyuoni hawakusema kwamba kipimo hicho ni sharti. Mwenye mwili mkubwa atazidisha, na mwenye vumbi la shamba miguuni atazidisha vile vile. Lakini kipimo kimewekwa mbele yetu ili tujue mtu aliyekuwa msafi kuliko sisi sote alitosheka na nini.

Iko pia hadithi mashuhuri aliyoipokea Ibn Majah kutoka kwa Abdullah bin Amr, kwamba Mtume (S.A.W.) alimpitia Saad akitawadha, akamkemea kwa israfu yake. Saad akastaajabu, akauliza kama katika udhu pia huwamo israfu. Akajibiwa kwamba imo, hata kama mtu yuko kwenye mto unaopita. Hatutaki kuwaficha wanafunzi wetu kwamba wajuzi wa hadithi wameijadili sanadi yake, na wengi wao wameidhoofisha. Lakini maana yake haikusimama peke yake. Imamu Nawawi, ambaye kwa madhehebu yetu ya Shafi ni nguzo, ameeleza kwamba wanavyuoni wamekubaliana juu ya kukatazwa israfu ya maji hata kwa mtu aliye ufukweni mwa bahari.

Zamani tulipokuwa tukiisomesha hadithi hiyo ya mto, tuliieleza kuwa ni mfano wa kutia adabu tu. Tukidhani, na wanafunzi wakidhani pamoja nasi, kwamba mto hauwezi kupungua kwa udhu wa mtu. Haya, twendeni mto Katuma. Mto huu tunaujua sote. Ndio unaoingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kuwanywesha viboko, nyati na tembo, kisha ukaelekea upande wa Ziwa Rukwa. Wataalamu walioufuatilia wamesema kwamba tangu miaka ya 2000 mto huo umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi, na miongoni mwa sababu kubwa ni mifereji na vizuizi vilivyowekwa juu yake kwa ajili ya mashamba ya umwagiliaji. Matokeo yake yanaonekana kwa macho: viboko kwa mamia wamebanana katika dimbwi la tope, mgongo juu ya mgongo, wanang'atana kwa kugombea mahali pa kulala. Aliyefungua mfereji wake wa kwanza huko juu naye alisema, mto unapita, mimi nachukua kidogo tu. Tangu tuyaone hayo hatuisomeshi tena hadithi ile kama mfano.

Na hapa kuna mas'ala mawili ambayo aghalabu hayasemwi mimbarini, ingawa vitabu vimeyaeleza. La kwanza ni kwamba maji ya msikitini si maji ya nyumbani kwako. Mtu anayezidisha juu ya mara tatu kwa maji yake mwenyewe, wanavyuoni wa Kishafi wamesema amefanya karaha. Lakini maji yaliyowekwa wakfu kwa ajili ya wenye kutawadha, kuyazidisha kupita haja ni haramu, kwa sababu aliyeyatoa ameyatoa kwa shughuli maalumu, nawe umeyapeleka penginepo bila ya idhini yake. Tangi la msikiti limejazwa kwa sadaka za watu. Bibi kizee aliyetoa shilingi mia tano yake siku ya Ijumaa hakuitoa ili ikapige sakafu.

La pili ni zito zaidi. Twajua kwamba asiyepata maji hutayamamu. Lakini sheria imekwenda mbali kuliko hapo: hata aliyenayo maji, ikiwa maji hayo yanahitajiwa na kiu ya binadamu, au ya mnyama anayestahiki kulindwa, basi maji ni ya mwenye kiu, na mwenye kuswali atatumia mchanga. Tafakarini jambo hili, enyi ndugu. Sheria yetu imemtanguliza punda mwenye kiu mbele ya udhu wa imamu. Itakuwaje basi sisi, wala si udhu bali ni yale yanayoruka nje ya udhu, tuyatangulize mbele ya mtoto wa jirani?

Huenda msikilizaji akasema: shehe, tumefahamu, tutapunguza. Nasi twawaamini. Lakini tumeyasema haya darasani miaka mingi, na mwanafunzi yule yule aliyejibu vizuri katika mtihani wa fiqhi, jioni tukamwona bombani, maji yanakwenda ilhali yeye amesimama anakunja mikono ya kanzu. Ndipo tukatambua kwamba lawama si ya mwanafunzi peke yake. Lawama nyingine ni ya bomba.

Fikirini udhu wenyewe ulivyo. Mtu anatia nia, anasukutua, anapandisha maji puani, anaosha uso, anaosha mkono wa kulia kisha wa kushoto hadi viwikoni, anapaka kichwa, anapaka masikio, anaosha miguu hadi vifundoni. Baina ya kiungo na kiungo mna kusugua, mna kupitisha vidole baina ya vidole, mna kuvua kofia na kupandisha suruali, na mna dua. Maji yanahitajiwa kwa muda mfupi tu kati ya muda wote huo. Bomba halijui hivyo. Bomba likishafunguliwa linatoa wakati wa kuosha na wakati wa kusugua sawasawa. Kulifunga kila mara nako kuna taabu, maana mkono uliokwisha kuoshwa utaishika koki iliyoshikwa na kila mtu, na nafsi ya mwenye kutawadha haitulii.

Tufanye hesabu. Tuseme bomba linajaza ndoo ya lita 10 kwa dakika mbili, na mtu anatawadha kwa dakika hizo mbili bomba likiwa wazi. Watu 200 wa swala ya Ijumaa watakuwa wametumia lita 2,000. Hayo ni madumu 100 ya lita 20, na dumu moja likijaa lina uzito wa kilo 20 kichwani mwa msichana. Watu wale wale, kila mmoja akitawadha kwa lita moja na nusu, ambayo ni zaidi ya kibaba, wangetumia lita 300. Madumu 15. Asiyeikubali hesabu yetu na aweke ndoo chini ya bomba la msikiti wake, atawadhe kama desturi yake, kisha apime mwenyewe.

Basi dawa ni kubadili chombo. Lakini chombo nacho kina adabu zake, na hapa ndipo mafundi wetu wengi na wafadhili wetu wengi walipokosea, pamoja na nia zao njema. Tutawapeni visa viwili tulivyovishuhudia.

Katika msikiti mmoja waliletewa mabomba ya kubonyeza. Ukibonyeza yanatoa, ukiachia yanakata. Kwa kunawa mikono kabla ya chakula ni kitu kizuri mno. Kwa udhu, haukupita mwezi, mabomba yote yalikuwa yamefungwa kwa mpira wa baiskeli ili yasikate, na maji yakawa yanakwenda mchana kutwa. Waliyoyaleta waliudhika, wakasema watu hawa hawathamini. Laiti wangeuliza! Ukiosha mkono wa kulia hadi kiwikoni, ni mkono wa kushoto unaopitisha maji na kusugua. Mkono wa tatu wa kubonyeza, Mwenyezi Mungu hakutuumbia.

Kisa cha pili ni cha kijana mmoja, fundi wa maji, Mwislamu mwenzetu mwenye bidii. Alileta karai pana lenye maji ya ndoo moja, likawekwa kati, watu wazunguke wachote kwa viganja. Kwa hesabu yake ndoo moja ingetosha watu saba. Mzee mmoja akalitazama, akajisogeza pembeni, akapiga mchanga akatayamamu. Kijana akacheka, akadhani ni ushamba. Ikatubidi tumkalishe chini tumweleze kwamba mzee yule alisoma Safina kabla yeye hajazaliwa.

Katika madhehebu yetu maji machache, yaani yasiyofika qulla mbili, yakiisha kutumika katika kuosha kiungo cha faradhi, huwa ni mustaamali: ni tohara yenyewe, lakini hayatoharishi tena. Na qulla mbili wanavyuoni wa zama zetu wamezikadiria kuwa kiasi cha lita 200, wengine wakazidisha; ni kama pipa la mafuta lililojaa. Karai halifiki hapo. Mtu akiisha kuosha uso, kisha akatumbukiza mkono wake katika karai bila ya kunuia kuteka, amekwisha kuutia mkono ule katika hukumu ya kuoshwa, na maji yote yaliyobaki yamekuwa mustaamali kwake na kwa wenzake sita. Akinuia kuteka tu, hakuna dhara. Lakini ni nani atakayesimama juu ya karai amkumbushe kila mtu nia hiyo? Madhehebu ya Imamu Malik yana wasaa zaidi katika jambo hili, nasi hatuwafungii watu mlango wa wasaa. Hata hivyo, huwezi kuwaletea watu chombo kinachowavunjia mafunzo ya miaka arobaini, kisha ukawalaumu kwa kutokitumia. Mzee alitayamamu kwa elimu, wala hakuwa mjinga.

Kutoka katika visa hivi viwili tulijifunza kwamba chombo cha udhu lazima kiiache mikono yote miwili huru. Kwamba maji yatoke juu, yapite juu ya kiungo, yaende zake, yasirudi chomboni. Na kwamba yakate yenyewe mtu anapoacha kuyahitaji. Tena kiwe cha bei ambayo kamati ya msikiti wa kijijini inaimudu, na kiweze kutengenezwa hapo hapo kikivunjika.

Wazee wetu waliyajua haya. Ibn Battuta, msafiri wa Kimorocco, alipopita Mombasa akielekea Kilwa mnamo mwaka 1331, aliona kwenye milango ya misikiti visima vifupi, na watu wakiteka maji kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba. Akaeleza kwamba mwenye kutaka kutawadha hukibana chombo baina ya mapaja yake na kumimina maji mikononi. Zingatieni hekima yake: chombo kinabanwa kwa mapaja, mikono yote miwili iko huru, maji yanamiminika, na mtu anatumia yale tu aliyoyateka. Ndiyo kata yetu ya kifuu, dada yake. Na neno letu birika, ambalo kwa watu wa pwani ni hodhi la msikiti na pia ni chombo chenye mdomo cha kumiminia, lilikuja bara kwa njia zile zile za misafara ya kwenda Tabora, Ujiji na Karema. Mababu walitawadha kwa birika moja, mmoja akimmiminia mwenzake, na kummiminia mwenzako maji ya udhu ni jambo walilolifanya masahaba kwa Mtume (S.A.W.). Bomba lilipokuja tukaziweka birika chooni, tukaona tumeendelea.

Basi sisi hatuwaambii mrudi miaka ya 1300. Twawaambia kiko chombo ambacho tayari mnacho shuleni na kwenye zahanati: kibuyu chirizi. Dumu dogo limening'inizwa kwenye mti, limetobolewa tundu dogo kwa msumari, limefungwa kamba, na kamba imefungwa kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika. Ukiachia, linarudi, yanakata. Ufundi huu ulienezwa kutoka Zimbabwe katika miaka ya 1980, na mwanzoni kilikuwa kibuyu hasa, kile kinachoota shambani. Ndipo jina letu la Kiswahili likakisibu vizuri. Walimu wa afya wameufundisha kwa ajili ya kunawa mikono. Kwa udhu haukutengenezwa, lakini ukiupima kwa masharti tuliyoyataja, umeyatimiza karibu yote.

Tumesema karibu, kwa sababu tulipoujaribu pamoja na wanafunzi wetu tulikuta umefika mahali ukakwama, na mahali penyewe ni miguu. Mguu unaokanyaga kijiti ndio unaotaka kuoshwa! Kijana atasimama kwa mguu mmoja na kubadilisha. Mzee mwenye goti bovu ataanguka. Wanafunzi wakahangaika nalo kutwa nzima. Mwishowe wakaweka kiti cha matofali, kirefu kama kigoda, wakakishusha kibuyu hadi kimo cha kifua cha aliyekaa, na vijiti viwili vya kukanyagia badala ya kimoja, kila mguu na chake. Mtu anakaa, anakanyaga kwa kushoto akiosha kulia, anakanyaga kwa kulia akiosha kushoto. Na kukaa kwenyewe kuna faida nyingine: maji hayaruki juu ya nguo, wala mwenye kutawadha hahofii michirizi. Tundu nalo walilitoboa mara tatu. La kwanza lilikuwa dogo mno, maji yakawa ni matone, na kuosha katika sheria ni maji kupita juu ya kiungo, wala kupangusa hakutoshi. La pili likawa kubwa mno. La tatu ndilo.

Kwa upande wa akina mama, twawaomba kamati za misikiti zisijenge kwa ajili ya wanaume kisha zikawaachia wanawake pembe iliyobaki. Mwanamke hutawadha kwa kufunua kichwa na mikono. Anahitaji ua wa makuti au ukuta, na mlango usiotazamana na njia. Tena aulizwe yeye kimo cha kibuyu, maana yeye ndiye atakayekijaza, na dumu la lita 20 halinyanyuliwi hadi juu ya kichwa na mama mwenye mtoto mgongoni. Mpate pia kupaweka mbali na vyoo, ili watu wasiingiwe na shaka ya najisi. Mwenye shaka hurudia udhu, na kila marudio ni kibaba kingine.

Na kwa kuwa tumetaja kurudia, tuseme kidogo juu ya wasiwasi, maana huo unamaliza matangi kuliko uvivu. Sisi wenyewe tulipokuwa wanafunzi tulipatwa nao. Tukiosha mkono mara tatu, mara nne, mara saba, na swala ya jamaa ikitupita. Mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakutukaripia. Alitupa kopo moja la maziwa lililojaa maji, akasema: "Haya ndiyo maji yako ya udhu, wala hapana mengine mpaka Isha." Siku ya kwanza maji yaliisha kabla ya kufika miguuni, tukalia. Siku ya nne yalibaki. Wasiwasi haukuhojiwa wala haukupewa dalili, ulinyimwa maji.

Lakini msije mkatusikia vibaya mkatawadha udhu wa mashaka kwa jina la kubana matumizi. Mtume (S.A.W.) aliwaona watu waliotawadha kwa haraka, visigino vyao vikabaki vikavu, akavionya visigino hivyo kwa moto. Kupunguza maji si kupunguza kiungo. Kibaba kilimtosha yeye kwa sababu alikipitisha mahali pote.

Tusikilizeni pia habari za wenzetu wa nchi za mbali. Mwaka 2010 huko Malaysia kampuni moja ilitangaza mashine ya udhu inayojifungua na kujifunga yenyewe kwa umeme, na kwa mtu mmoja yatumika maji kiasi cha lita 1.3. Ni akili kubwa, na bei yake ilikuwa kwa maelfu ya dola. Mtakaoiweza inunueni. Kijiti cha kukanyagia kinafika karibu na hesabu ile ile bila ya umeme.

Yaliyo karibu nasi zaidi ni ya Oman. Huko wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos walijenga katika miaka ya 2000, kwenye msikiti mmoja wa upande wa Maskati, mtambo mdogo wa kuchuja maji yaliyokwisha kutawadhiwa ili yatumike kumwagilia bustani. Na huko Saudia, tangu mwaka 1978, Baraza la Wanavyuoni Wakuu lilitoa fatwa kwamba maji machafu yakisafishwa kwa utaalamu mpaka rangi, ladha na harufu ya najisi zikaondoka kabisa, yamerudi kuwa tohara, hata kwa udhu. Sisi hatujafika huko, wala hatuna haja ya mtambo. Maji ya udhu wetu hayana najisi. Ni mustaamali tu, na mti hauulizi mustaamali. Yapitishwe katika mfereji uliojazwa kokoto, yaende kwenye mgomba au mwembe, yasichanganywe na ya chooni, na yasituame yakazaa mbu. Mwanafunzi mmoja alituuliza kama si kuvunja heshima ya ibada kumwagilia papai kwa maji ya udhu. Tukamjibu kwamba tumewaona wasichana wakiyachota kwenye tope, na papai ni heshima zaidi.

Msikiti ule tuliousimulia mwanzoni, tuliurudia baadaye, nao wakatupa ruhusa tuseme nao baada ya swala. Hatukuyang'oa mabomba, yamebaki kwa ajili ya usafi na kwa ajili ya dharura. Pembeni mwake vimesimama vibuyu vinne vya wanaume, na viwili vya wanawake nyuma ya ua wa makuti, na koki moja imetolewa nje ya ukuta, upande wa njia, kwa ajili ya majirani wa dini yoyote. Koki hiyo ya nje ilizusha ubishi mrefu katika kamati. Wengine walisema wakfu ni wa wenye kuswali. Tukawarejesha kwenye mas'ala ya mwenye kiu, na wakfu wa maji ya udhu hawakuugusa. Walichanga upya, sadaka mpya yenye nia mpya, kwa ajili ya koki ile peke yake. Kiangazi kilichofuata kamati iliamua ifunguliwe baada ya Alfajiri na baada ya Alasiri. Bado wanalalamika kwamba foleni inaingia hadi mlangoni mwa msikiti, na muadhini anaomba apewe msaidizi wa kuisimamia.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na ninyi na Waislamu wote, na atuletee mvua ya rehema kwa wakati wake. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.